Kabla ya Dawa, Lete Kopo la Chakula: Kusoma Dalili za Samaki Waliolishwa Vibaya

Mtu akiniita kuangalia tangi ambalo samaki wanakufa, siendi moja kwa moja kwenye tangi. Naomba kwanza nione kopo la chakula, na naomba kujua lilinunuliwa lini.

Jirani yetu mmoja Tabata, mama mtu mzima, alikuwa na gapi wanane kwenye tangi la lita 40 sebuleni. Nilipoingia maji yalikuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele, gapi wawili walikuwa wamelala chini juu ya changarawe, na yeye ameshika mkononi chupa ya dawa ya bluu aliyouziwa dukani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Njoo unisaidie, samaki wa wajukuu wanakwisha. Hii dawa nitie vifuniko vingapi?"

"Usitie kwanza. Kopo la chakula liko wapi?"

Akalitoa chini ya meza ya televisheni. Kopo la gramu 50, limebaki vumbi tu. Alilinunua wiki tatu zilizopita. Tukapiga hesabu pale pale: gramu 50 kwa siku 21 ni kama gramu 2.4 kwa siku. Gapi wanane, wakubwa kwa wadogo, ukiwaweka wote kwenye mzani huenda wasizidi gramu 6. Maana yake kila siku tangi lile lilipokea chakula kinachofikia asilimia 40 ya uzito wa samaki wenyewe, wakati samaki mzima wa mapambo anatosheka na asilimia 1 mpaka 3. Kopo lile lilitakiwa kumfikisha zaidi ya miezi tisa.

Mama yule hakuwa mzembe hata kidogo. Alilisha asubuhi kabla ya chai. Wajukuu walilisha wakitoka shule. Baba alilisha usiku akirudi, kwa sababu samaki walimkimbilia kwenye kioo na akaona huruma. Kila mmoja alilisha kwa upendo, na hakuna aliyemwona mwenzake akilisha. Nimekuta hali hiyo nyumba nyingi mno, ndiyo maana naandika haya kwa kufuata dalili: anza na kile unachokiona kwenye tangi lako, kisha rudi nyuma mpaka kwenye mkono unaolisha.

Kiasi chenyewe ni kipi

Kijiko kimoja cha chai cha punje ndogo, kikiwa kimesawazishwa, kina gramu 2 mpaka 3 hivi. Hicho ni chakula cha siku nzima cha siklidi (samaki wa jamii ya perege) kumi wa gramu 20 kila mmoja, na bado kigawanywe mara mbili. Kwa gapi kumi, kijiko hicho hicho ni akiba ya zaidi ya siku kumi. Beta mmoja anashiba kwa punje 3 au 4 ndogo asubuhi na nyingine kama hizo jioni. Samaki wazima wengi wanatosheka na milo miwili, hata mmoja, na siku moja kwa wiki bila chakula haiwadhuru.

Utasikia watu wakisema, "lisha kinacholiwa ndani ya dakika mbili." Kanuni hiyo imewasaidia wengi lakini mimi siiamini sana. Samaki wa dhahabu ndani ya dakika mbili anaweza kumeza chakula cha siku mbili. Kambare wadogo wa chini, wale koridora, ndani ya dakika mbili hawajafika hata kwenye punje ya kwanza. Mimi naangalia mwendo. Samaki wakianza kula wanakimbilia, wanagombania, wanageuka haraka kutafuta nyingine. Kisha kuna wakati, mara nyingi hata nusu dakika haijapita, yule mwenye pupa kuliko wote anapunguza kasi: anaiendea punje badala ya kuirukia. Hapo ndipo mkono unaacha. Ukisubiri mpaka waanze kutema, umeshapitiliza.

Wala usimsikilize samaki anayekuja kwenye kioo. Amejifunza kwamba kivuli chako kinaleta chakula, basi atakuja kila kivuli kikipita, ameshiba asishibe. Samaki wa dhahabu hana hata tumbo la kuhifadhia chakula kama letu. Kinachoingia mdomoni kinapita moja kwa moja kwenye utumbo, na kwa asili yake huchokonoa matope kutwa nzima. Huyo ataomba hata dakika tano baada ya kula.

Kwa nyumba yenye watu wengi, dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kifuniko cha chupa ya maji ya kunywa. Asubuhi mtu mmoja anaweka humo fungu la siku nzima, kisha kopo linafichwa. Mtoto akitaka kulisha, anachukua kwenye kifuniko. Kifuniko kikiwa kitupu, samaki wameshakula, na hakuna mjadala.

Maji yamegeuka meupe kama ya mchele

Weupe huu ni bakteria. Wamezaliana kwa mamilioni wakila chakula kilichooza, kinyesi, au samaki mdogo aliyefia nyuma ya jiwe. Kwa hiyo kabla hujafanya lolote, hesabu samaki wako.

Kama tangi lina chini ya wiki sita, sababu kubwa ni uchanga wake. Ndani ya sponji ya filta wanatakiwa kuishi bakteria wa aina nyingine, wale wanaobadili amonia, sumu inayotoka kwa samaki na kwenye uozo, kuwa nitraiti, kisha nitraiti kuwa nitreti isiyo na sumu kali. Hao huchukua wiki nne mpaka sita kujenga makazi. Tangi changa likilishwa kama tangi la mwaka mzima, hakuna wa kuusafisha uchafu wake. Lisha kidogo, siku moja ndiyo na moja hapana, na uvumilie.

Kama tangi ni la siku nyingi na limekuwa jeupe ghafla, uliza mambo mawili. Nani alilisha juzi na jana? Na filta ilioshwa kwa maji gani? Watu wengi huitoa sponji wakaisugua chini ya bomba mpaka inang'aa. Klorini ya maji ya bomba inaweza kuwaua bakteria wengi, na siku chache baadaye maji yanakuwa meupe. Sponji inakamuliwa ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka kwenye tangi lenyewe, basi.

Cha kufanya: acha kulisha siku mbili mpaka tatu. Chukua mpira wa kunyonyea uchafu, uuingize kwenye changarawe pembe kwa pembe, hasa nyuma ya mapambo ambako mkondo wa maji haufiki. Ndiko chakula kinakojificha. Ukiona wingu la kahawia linapanda, umepata jibu lako. Badilisha theluthi ya maji kwa maji yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini, kesho yake rudia. Ile dawa ya bluu ya mama yetu tuliirudisha kabatini. Siku ya nne maji yalikuwa yanapitisha mwanga hadi kioo cha nyuma.

Wanapanda juu kuvuta hewa

Hapa saa ndiyo inayokupa jibu.

Wakifanya hivyo alfajiri, kisha wakatulia mchana, ni upungufu wa oksijeni. Usiku mimea nayo inavuta oksijeni, kwa hiyo alfajiri ndipo inapokuwa chini kabisa. Joto linazidisha mambo: maji ya nyuzi 25 yanaweza kubeba kama miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 kama 7.6 tu. Na samaki anapomeng'enya chakula, mwili wake unadai oksijeni zaidi kuliko akiwa na njaa. Ukichanganya joto la Dar es Salaam la Februari, mlo mkubwa wa saa nne usiku na pampu ya hewa iliyozimwa kwa sababu ya kelele, utaamka ukute midomo yote imepangana juu ya maji. Hamishia mlo wa mwisho alasiri, upunguze, na pampu iachwe iwake usiku.

Wakifanya hivyo saa moja au mbili baada ya kula, au kutwa nzima, shuku amonia. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua kadiri anavyokula, na chakula kinachooza kinaongeza nyingine. Matamvua yanakuwa mekundu kama yaliyoungua, samaki anajisugua kwenye mawe, mapezi ameyabana. Kama matamvua yamegeuka rangi ya kahawa badala ya kuwa mekundu, ni nitraiti: imeingia kwenye damu na kuizuia kubeba oksijeni, hivyo samaki anakosa pumzi ndani ya maji yenye hewa tele.

Kipimo cha matone, kile cha kupimia maji ya tangi, kitakuhakikishia. Kwenye tangi lililokomaa amonia na nitraiti zinatakiwa zisome sifuri. Zikisoma chochote juu ya hapo, hakuna kulisha. Badilisha nusu ya maji leo, nusu kesho. Kwa nitraiti, gramu 1 ya chumvi kwa kila lita inasaidia kwa sababu kloraidi iliyomo kwenye chumvi inagombea mlango ule ule wa kuingilia kwenye matamvua.

Kuna jambo ambalo wafugaji wa siklidi wetu wa maziwa makuu wanatakiwa kulikariri. Ukali wa amonia unafuata pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji: kadiri pH inavyopanda, ndivyo amonia inavyokuwa kali. Kwenye maji ya pH 7 na nyuzi 25, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki hata asilimia 1. Kwenye pH 8 inafika asilimia 5 hivi. Samaki wa Ziwa Nyasa na Tanganyika wanataka maji ya pH 8 na kupanda, na maji ya visima vyetu vingi nayo huwa magumu. Kosa dogo la chakula ambalo tangi la maji laini lingelistahimili, lenu halitalisamehe.

Tumbo limevimba

Hapa nakuomba usiwe na haraka, maana tumbo kubwa lina habari nne tofauti, na ya kwanza ni njema.

Kama ni gapi jike, angalia karibu na tundu la haja kuna doa jeusi. Likiwa linakua na tumbo limekuwa na pembe kwa mbele, ni mimba. Wiki nne hivi atazaa. Mwongezee mlo mmoja mdogo na umwache.

Kama magamba yamesimama, ukimtazama kutoka juu unaona kama ganda la nanasi, figo zimeshindwa na maji yamejaa mwilini. Hilo si suala la kijiko tena. Mtenge, safisha maji ya wenzake, na ujue kwamba wengi wa namna hiyo hawaponi.

Kama ni samaki wa dhahabu wa mwili wa mviringo, anaelea ubavu au kichwa chini baada ya kula, utumbo umejaa na kukibana kibofu cha hewa, au amemeza hewa akifukuzia chakula kinachoelea. Mnyime chakula siku mbili au tatu. Kisha chukua njegere moja, ichemshe mpaka ilainike, imenye ganda kwa kucha, iponde na umpe nusu yake. Njegere ina nyuzinyuzi za kusukuma, na nimeona samaki aliyekuwa amepinduka asubuhi akiogelea wima kesho yake. Baada ya hapo mpe punje zinazozama, uzilowanishe kwanza kwenye kikombe zivimbie huko nje.

Habari ya nne ndiyo iliyonifundisha mimi kwa machungu.

Nilikuwa na Tropheus, siklidi wa Ziwa Tanganyika, kumi na wawili waliotoka Kigoma, weusi wenye mkanda wa njano, wamefika wakiwa na urefu wa kidole gumba. Nilitaka wakue haraka. Nikaanza kuwapa funza wekundu waliogandishwa, kila jioni, na walivyokuwa wakiruka kwa furaha nilijiona nawatendea wema. Wiki ya tatu, yule mbabe wao, ambaye siku zote alikuwa wa kwanza kwenye chakula, alikuja kama kawaida, akachukua funza mdomoni, akamtema. Akamchukua tena, akamtema tena. Sikujali. Kesho yake alikuwa amejitenga kwenye pembe, nyuma yake unaning'inia uzi mweupe wa kamasi badala ya kinyesi. Siku ya nne tumbo lilikuwa limejaa kama puto. Ndani ya siku kumi nilibaki na watano.

Tropheus kwenye miamba ya Tanganyika, na mbuna kwenye miamba ya Nyasa kama ile ya Mbamba Bay, wanaishi kwa kukwangua utando wa mwani kwenye mawe tangu jua linapochomoza. Chakula hicho kina virutubisho kidogo na nyuzinyuzi nyingi, ndiyo maana wana utumbo mrefu uliojikunja mara nyingi, mrefu kuliko mwili wao mara kadhaa. Wengi wanaamini kwamba nyama nono ikiingia kwenye utumbo wa namna hiyo inakaa mno. Wafugaji wanauhusisha uvimbe huu na chakula kisichofaa, pamoja na msongo wa ugomvi, maji machafu, na vijidudu vya tumboni vinavyopata nafasi. Frontosa, anayetoka ziwa lile lile la Tanganyika, anakula samaki wenzake na dagaa hawamdhuru. Kwa hiyo usiseme "siklidi wanakula hiki." Uliza huyu anakula nini huko kwao.

Mbuna na Tropheus wapewe chakula chenye msingi wa spirulina. Spirulina ni wa jamii moja na ule mwani unaowalisha heroe, flamingo kama wengi wanavyowaita, kwenye Ziwa Natron na Bogoria. Ongezea mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto na kipande cha tango kilichofungwa kwenye jiwe. Milo mitatu midogo ni bora kuliko mmoja mkubwa. Nyama ya ng'ombe na moyo wa ng'ombe viache kabisa, mafuta yake si ya tumbo la samaki.

Na kile kitendo cha kutema ndicho cha kukesha nacho. Samaki wa kundi hili akichukua chakula na kukitema milo miwili mfululizo, simamisha chakula tangi zima siku tatu, badilisha maji theluthi kila siku, na umtafute daktari wa mifugo mapema kuhusu dawa. Tumbo likishajaa, umechelewa.

Wanakula lakini wanakonda

Simama mbali kidogo na tangi wakati mtu mwingine analisha. Ukiwa karibu, wote wanakukimbilia wewe na huoni kitu. Ukiwa mbali, utaona nani anafukuzwa. Mara nyingi chakula kinatosha, ila kinaliwa na wawili. Lisha pande mbili za tangi kwa wakati mmoja, na punje ziwe za ukubwa mchanganyiko ili wadogo wapate za midomo yao.

Samaki wa chini wanasahaulika zaidi. Watu huwanunua koridora na pleko ili "wasafishe tangi," kisha wanawaacha waishi kwa makombo. Hakuna samaki anayekula kinyesi cha wenzake akanenepa. Wape punje zinazozama, baada ya kuzima taa, wenzao wa juu wakiwa wametulia. Ukikuta tumbo la koridora limeingia ndani kama bakuli lililofunikwa, hajala kwa muda mrefu.

Kama wote wanakula vizuri na bado migongo imekuwa kama kisu, chungulia tundu la haja. Nyuzi nyekundu zikichomoza na kurudi ndani, ni minyoo. Dawa yake ni levamizoli, inayotumika pia kwa mbuzi na kuku, lakini kipimo chake cha majini mwulize daktari wa mifugo, usikadirie.

Halafu rudi kwenye kopo. Chakula kilichofunguliwa kinapoteza vitamini, hasa vitamini C, na joto na unyevu wa pwani vinaharakisha. Samaki anayekosa vitamini C kwa muda mrefu anaweza kupinda mgongo, ingawa mgongo uliopinda unaweza pia kuwa wa kuzaliwa nao au wa kifua kikuu cha samaki. Kopo likae kabatini, pakavu, kifuniko kimekazwa, wala lisikae juu ya taa ya tangi ambako karibu kila mtu huliweka. Likinuka mafuta yaliyochacha, tupa. Na nunua kopo dogo kuliko yote dukani. Mwenye gapi wanane hana sababu ya kununua kubwa kwa kuwa lina nafuu ya bei, maana litachacha kabla hajafika katikati.

Hawataki kula kabisa

Samaki aliyefika leo mwache. Siku ya kwanza hata usimjaribu, ya pili mpe chembe mbili tatu.

Julai, kwa walioko Njombe, Iringa, Arusha au Nairobi, pima joto kabla ya kuwaza ugonjwa. Tangi lisilo na hita linaweza kushuka hadi nyuzi 18, na samaki wa nchi za joto akiwa kwenye maji hayo tumbo lake linafanya kazi polepole sana. Chakula unachomlazimisha kinaozea humo. Mpe mara moja kwa siku mbili mpaka upate hita ya kumfikisha nyuzi 25. Samaki wa dhahabu kwenye nyuzi 18 hana shida yoyote.

Mbuna jike akikataa chakula wakati wenzake wanagombania, mtazame kidevu. Kama kimejaa kwa chini, na mdomo unajongea-jongea kama aliyeweka tende mdomoni asiimeze, amebeba mayai. Atakaa nayo karibu wiki tatu bila kula. Nimewahi kuulizwa dawa ya kumfungua mdomo samaki wa namna hiyo, na nikafika kwa wakati. Mwache. Akishawaachia vifaranga, mlishe kidogo kidogo siku kadhaa kabla ya kumrudisha kwa dume.

Mwani wa kijani na konokono waliojaa

Vyote viwili vinakula ulichozidisha. Nitreti na fosfati za chakula ndizo mbolea ya mwani, taa inayowaka kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku inamalizia. Punguza chakula nusu na taa iwake kwa muda wa saa saba au nane tu kwa siku. Konokono nao wakikosa makombo wanapungua wenyewe ndani ya wiki chache. Ukiwatilia sumu watakufia kwenye changarawe, na utarudi kule kwenye maji meupe.

Vifaranga

Kila nilichosema juu ya kupunguza hakiwahusu hawa. Kifaranga wa gapi au wa siklidi anataka kula mara nne mpaka sita kwa siku, kidogo kidogo, artemia (vijidudu vidogo vya maji ya chumvi) waliototolewa au unga laini wa chakula, na siku mbili za njaa zinaweza kumwua. Anayefuga Nothobranchius, wale kilifishi wa madimbwi ya pwani kama guentheri wa Unguja, ajue kwamba samaki huyu anakua, anataga na kufa ndani ya msimu mmoja wa maji. Anakula kwa haraka hiyo hiyo, na mara nyingi anataka kinachocheza: dafnia (viroboto vya maji), artemia, viluwiluwi vya mbu. Fidia ulaji huo kwa kubadilisha maji mara nyingi zaidi, usifidie kwa kuwanyima.

Umeme umekatika, au unasafiri

Umeme ukikatika, kopo linafungwa. Filta imesimama, oksijeni inashuka, na bakteria wa sponji nao wanaanza kukosa pumzi saa chache baadaye. Samaki asiye na kitu tumboni atavumilia saa nyingi kuliko aliyetoka kula. Umeme ukirudi baada ya kukatika usiku kucha, ikamue sponji kwenye maji ya tangi kabla ya kuwasha filta, ili maji yaliyoozea ndani yake yasisukumwe kwa samaki, na mlo wa kwanza uwe kesho yake.

Ukisafiri siku tatu nne, usimwachie mtu kazi ya kulisha. Samaki wazima wenye afya wanakaa hata wiki bila chakula, na ukiwa na mimea au mwani kwenye mawe watapata cha kudonoa. Ukizidisha wiki, gawa mafungu kwenye vipande vya karatasi, andika siku juu ya kila kimoja, kopo uondoke nalo au ulifiche. Mwambie ndugu yako, "Dada, kama umesahau siku moja, usiunganishe mafungu mawili." Mengi ya mauti ya sikukuu niliyoyaona yalitokana na huruma ya siku ya tatu.

Ukirudi utawakuta wamepungua kidogo na watakukimbilia kwenye kioo kuliko siku zote. Wape nusu ya mlo wa kawaida jioni hiyo, na nusu nyingine kesho asubuhi.